Besi ya Fundi Ireri

Kasim wa Mzee Mbarak alikuwa mchinjaji kama baba yake, na hakuna mtu wa Majengo ya Meru aliyewahi kumsikia akiilalamikia kazi hiyo. Asubuhi anachinja, mchana anauza, alasiri anasugua mikono kwa majivu na ndimu, anavaa kanzu safi, anakwenda zake barazani kwa Idrisi kupiga muziki. Ilibidi wapige alasiri. Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ilikuwa haijaondolewa, na jua likishatua kafyu inaingia. Atakayekutwa njiani ana la kujibu.

Idrisi alikuwa fundi cherehani na alikuwa na gitaa la kawaida lenye sauti tamu. Kasim alimfuatia kwa kugonga sanduku na kutikisa kayamba. Harusi zote za Majengo zilikuwa zao, na walijiona wametosha, mpaka siku ile bendi moja ya Nairobi ilipoletwa kuwatumbuiza askari. Wao wawili walisimama nje ya ua wa seng'enge wakisikiliza. Ndani kulikuwa na mtu amevaa gitaa la nyuzi nne, nene kama mishipa ya ng'ombe, na waya umetoka kwenye gitaa kwenda kwenye sanduku. Yule mtu alipogusa uzi wa juu, Kasim aliusikia tumboni kabla ya kuusikia masikioni.

"Hiyo ndiyo besi," Idrisi alimwambia. "Ya umeme hiyo."

Tangu siku ile Kasim hakulala vizuri. Aliitaka besi kama mtu anavyotaka mke.

Idrisi alimfundisha namna ya kuchagua, kwa kuwa mwenye mfuko mdogo hana nafasi ya kukosea. "Kwanza shingo. Iinue usawa wa jicho uitazame kama unalenga bunduki. Ikiwa imepinda, achana nayo hata wakikupa bure. Halafu nyuzi, zikikaa juu sana mbali na ubao, vidole vitakufa kabla ya wimbo wa pili. Funguo zisiwe zinateleza. Rangi usiitazame kabisa, ndugu yangu. Rangi imewaponza wengi."

"Na sanduku la sauti?"

"Sanduku ndilo litakalokumalizia pesa. Ukiona mtu anakupa vyote viwili kwa bei ya kimoja, ujue kuna jambo."

Mhindi mmoja wa mjini alimwonyesha picha kwenye karatasi ya dukani na kumtajia bei. Kasim alicheka ili asionekane maskini, akanunua wembe, akatoka. Safari nyingine alifika misheni moja upande wa Embu, ambako mwalimu wa kwaya aliyeitwa Hezekiah alikuwa akiuza fidla kubwa yenye kimo cha mtu. Kasim aliizunguka mara moja tu. Tumbo lilikuwa limepasuka, wadudu wamekula mguu, shingo imepinda kama upinde. Tena haikuwa na habari ya umeme.

"Kama ni ya umeme unayotaka, hiyo alitengeneza Ireri," Hezekiah alisema, kisha akautazama mlango kabla ya kuendelea. "Fundi seremala wa Ishiara. Vita ya Burma alikuwa na watu wa simu, akarudi na ujuzi wake. Alijitengenezea besi, akaiunga na redio kuukuu. Nimeisikia kwa masikio yangu."

"Yuko wapi sasa?"

"Walimchukua. Mwaka wa pili huu. Bibi yake yuko pale Ishiara, nyuma ya soko." Mwalimu akapunguza sauti. "Lakini Kasim, vitu vya mtu aliye kizuizini viache vikae."

Kasim aliitikia kwa kichwa. Mawazo yake yalikuwa yameshafika Ishiara.

Pasi ya kusafiri haikumpa taabu. Kila mwezi alikwenda Ishiara kununua mbuzi wa Mbeere, na nyama ya mbuzi hao iliishia kwenye meza za wakubwa wa boma. Siku hiyo alinunua mbuzi wake kwa Mbaka, mchuuzi waliyezoeana, akamwachia awapakie kwenye lori, kisha akauliza kwa fundi Ireri. Mbaka alimwonyesha kwa kidevu.

Wanjugu, mke wa Ireri, alikuwa akipepeta mtama mbele ya nyumba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Aliposikia habari ya besi hakuacha kupepeta.

"Hiyo iko na mwenyewe," alisema kwa Kiswahili cha sokoni. "Akirudi ataniuliza."

"Kuangalia tu, mama. Kuangalia hakuharibu kitu."

Alimpeleka kwenye karakana. Mwenyewe alikuwa hayupo mwaka wa pili, lakini sakafu ilikuwa imefagiliwa, misumeno na patasi zimetundikwa kila moja mahali pake, na juu ya benchi hapakuwa na hata chembe ya vumbi. Wanjugu akafunua gunia.

Besi ilikuwa ya muuru, mti mgumu wa huko, rangi ya chai ya rangi, imepakwa mafuta ya nyonyo mpaka inang'aa. Ireri alikuwa amesokota nyuzi mwenyewe kwa waya. Chini ya nyuzi alipachika kile kipande cha simu ya jeshi ambacho mtu huweka sikioni, na waya ukatoka hapo kwenda kwenye redio na betri ya gari. Kasim aliiinua usawa wa jicho. Shingo ilikuwa imenyooka kabisa. Nyuzi zilikaa chini vizuri, funguo zilishika. Wanjugu mwenyewe aliunganisha waya, kwa jinsi alivyokuwa akimwona mumewe akifanya, na Kasim akagusa uzi mmoja tu.

Kule sokoni mbuzi wote wakanyamaza.

"Taja bei, mama," alisema.

"Nimesema si ya kuuza."

"Taja tu. Tunaongea."

Wanjugu alitazama nje ya mlango. Mifugo yao ilikuwa imechukuliwa siku aliyochukuliwa Ireri, na zizi lao lilikuwa tupu. Mwishowe alisema, kama mtu anayesema jambo la aibu, kwamba akipewa mbuzi wanne atafikiria. Akipata mbuzi wanne mtu anaweza kuanza upya.

Ilikuwa bei ya haki, tena ya chini, na Kasim alilijua hilo. Mbuzi alikuwa nao. Lakini alikuwa amezoea kukata bei tangu utoto, na ulimi ukatangulia.

"Hiki kipande cha simu ni mali ya serikali," alisema akikigusa kwa kucha. "Homgadi, hawa askari wa kijiji, wakikiona hapa nyumbani, na bwana yuko kizuizini, watasema ulikuwa unaongea na watu wa msituni. Mimi nakuondolea balaa, mama."

Mwanamke alilivuta gunia haraka ili aifunike besi tena. Kasim aliiona hofu yake na akaongeza la pili, la kumaliza biashara.

"Na huyo bwana yako harudi."

Mkono ukaliachia gunia.

"Nani amekuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Kasim hakuwa na habari yoyote ya Ireri. "Watu wa boma wananunua nyama kwangu," alijibu. "Nasikia mengi."

Ilikuwa saa ya jua la utosi. Wanjugu alichukua pembe ya shuka yake akaipangusa besi shingo, polepole, kama anayempangusa mtoto uso kabla ya kumpeleka kwa wageni. Kisha akampa besi pamoja na redio na betri. Kasim alimwachia mbuzi mmoja. Alikuwa jike mmoja aliyekuwa akichechemea, ambaye hata hivyo asingefika Meru akiwa mzima.

Kwenye lori masikio yake yalikuwa ya moto. Idrisi alipomwuliza alilipa nini, alisema mbuzi wanne.

Hapo mwanzo ilikuwa furaha tupu. Walipopiga barazani kwa mara ya kwanza watu waliacha vikombe vyao na kuja kusimama njiani. Wazee walitikisa vichwa. Sharifa, yule muuza vitumbua, alicheza na sinia kichwani. Uzi mnene ulikuwa unaingia ardhini na kutokea kwenye nyayo za watu, na Kasim alifumba macho, akasahau kila kitu.

Wimbo ulipokwisha, spika ilikuwa bado ina sauti.

Fssss. Kimya. Fssss. Kimya.

"Nani anaranda mbao?" Sharifa aliuliza, akigeuka kutafuta.

Watu wakacheka, wakasema ni redio hiyo, inatafuta stesheni. Idrisi alizima. Sauti ikaendelea. Akachomoa waya wa betri, akaushika mkononi, akautazama. Fssss. Ilikuwa ndefu na ya utulivu, ya mtu asiye na haraka, anayeijua kazi yake. Kisha ikakoma yenyewe, na hakuna aliyecheka tena.

Kesho yake, Kasim aliporudi kula chakula cha mchana, mkewe Rahema alimwonyesha ufagio.

"Baba Mwanakombo, umeanza useremala?"

Chini ya kitanda, pale besi ilipokuwa imelazwa, palikuwa na maranda. Yalikuwa membamba, yamejikunja, meupe kama tui. Kasim aliitoa besi, akaigeuza, akaipapasa yote. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Tena mti wa muuru haukuwa mweupe.

"Labda panya," alisema.

"Panya gani anaranda?"

Rahema aliyafagia. Siku ya pili yakawepo tena. Ya tatu pia. Wakati huo Kasim alikuwa akipiga besi kuliko alivyowahi kupiga, kwa sababu vidole vilikuwa haviumi. Idrisi alikuwa amemtahadharisha kwamba mwezi wa kwanza vidole vitavimba, vitachubuka, mpaka viote sugu. Vya Kasim havikuota sugu. Vilikuwa laini, na kila siku vikazidi kuwa laini.

Ilikuwa buchani ambapo alianza kuogopa. Kisu kilimponyoka. Alikiokota, kikamponyoka tena. Sharifa alikuwa amesimama mbele yake akingoja kupimiwa utumbo wa mbuzi.

"Kasim," alisema, "mbona vidole vyako vinang'aa?"

Alivitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Ncha zake zilikuwa nyororo kama pembe iliyosuguliwa. Ile mistari midogo aliyozaliwa nayo haikuwepo. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kitupu kabisa, kama jicho lisilo na mboni.

Akaificha mikono chini ya aproni. "Nyuzi hizo," alisema. "Nyuzi zinasugua."

Alasiri hiyo alimkuta Rahema amechuchumaa jikoni, mbele ya mafiga. Alikuwa amekusanya maranda ya siku nyingi kwenye ungo ili awashie moto. Alikuwa ametupa konzi moja tu, kisha akaacha. Hakugeuka mumewe alipoingia.

"Njoo unuse," alinong'ona.

Kasim hakuhitaji kusogea. Mbao hazitoi harufu ile. Yeye ni mchinjaji, mwana wa mchinjaji. Tangu utotoni alikuwa akichoma kwato na vichwa vya mbuzi. Aliijua harufu ya kwato motoni. Aliijua harufu ya ngozi.

Rahema alichukua ganda moja la maranda kutoka kwenye ungo, akalinyoosha kati ya vidole viwili, akalielekeza mlangoni ili mwanga upite. Lilikuwa na mistari. Mistari midogo, ya mviringo, inayozunguka kama maji yaliyodondoshewa tone.

"Umemfanya nini mwenye kitu hiki?" aliuliza.

Kasim alitaka kusema kweli. Mdomo ulifunguka. "Nilimlipa," akasema. "Nilimlipa mbuzi wanne."

Kabla jua halijatua Rahema alimchukua mtoto wao, Mwanakombo, wakaenda kulala kwa mama yake.

Kasim aliamua kuirudisha. Lakini pasi yake ilikuwa imekwisha muda, na watu walikuwa wakiwekeshwa alama ya dole gumba kila wanapobadilisha. Alipanga foleni bomani pamoja na wengine. Karani alikuwa Mukiri, mtu wa Muthara, mpole, ambaye kila Jumamosi alinunua maini kwa Kasim. Alimshika kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi.

Likatokea doa jeusi. Halikuwa na mstari hata mmoja.

"Wino mwingi," Mukiri alisema. Akakifuta, akarudia. Doa. Akajaribu kidole cha pili, cha tatu, mkono wa pili. Madoa matupu, kama matone ya lami. Foleni nyuma ikaanza kunyamaza.

Mukiri aliinama karibu. "Kasim, hapa hakuna mtu," alinong'ona. "Unanielewa? Wale wanaojikwangua vidole ni wale wanaoficha majina yao. Nikimwita mzungu, leo hulali kwako. Nini hii?"

Hapo ndipo aibu ilipomshika. Nyuma yake walikuwa wamepanga wanawake waliokuja kuulizia waume zao, na wazee waliokuwa wamesimama tangu alfajiri. Wote walikuwa wakimtazama. Aseme nini? Kwamba alimtisha mke wa mfungwa ili apate gitaa?

"Mafuta ya moto," alisema. "Niliungua buchani."

Mukiri alijua kuwa ni uongo, maana ngozi ya kuungua haing'ai hivyo. Lakini alimwita Mzee Mbarak, naye akaja na kofia yake, akaapa mbele ya watu kwamba huyu ni mwanawe, hana ubaya, hajawahi kumdhulumu mtu. Kasim alisimama pembeni akiyasikia hayo. Mzee alikuwa akiyasema kwa sauti kubwa, kwa fahari. Kila neno lilimchoma. Kwa kiapo hicho Mukiri akaandika pasi.

Alifika Ishiara siku ya soko, na besi imefungwa kwenye gunia lake lilelile. Alipoteremka kwenye lori, mama mmoja aliyeuza ndizi akamvuta mtoto wake nyuma. Mwingine akatema mate pembeni. Alimfuata Mbaka kumpa mkono, lakini Mbaka aliirudisha mikono yake nyuma.

"Leo sina mbuzi," alisema.

Nyuma yake mbuzi walikuwa wamejaa zizi.

"Mbaka, mimi ni Kasim."

"Najua ni wewe. Wewe ndiye ulimtamkia Ireri."

Akaondoka haraka, kama mtu anayeacha moto uliowashwa kwenye nyasi.

Wanjugu alimwona akija. Safari hii hakuwa na ungo. Alisimama, na Kasim akashangaa kuona kwamba yule mwanamke alikuwa akimwogopa. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagota ukuta.

"Umefuata nini tena?" aliuliza. "Sina kitu. Nimebaki na nini?"

"Nimekuja kurudisha, mama."

"Kama ni mbuzi, chukua." Alinyoosha mkono kuelekea ua. Yule jike aliyechechemea alikuwepo, mguu umepona, na kando yake kitoto kimoja cheusi. "Chukua wote wawili. Usiseme neno. Nakuomba, baba, usiseme neno lingine hapa kwangu."

Kasim aliiweka besi chini. Alimwuliza kumetokea nini, na yeye akamweleza bila kumtazama, akiutazama mdomo wake tu.

Njue, jirani yao, alikuwa ameachiliwa kutoka kambini. Alikuja moja kwa moja kwake kabla ya kwenda kwa mama yake mzazi. Walikuwa wakifanya kazi pamoja na Ireri kwenye karakana ya kambi, wakitengeneza milango. Siku ile Ireri alikuwa mzima, alikuwa anaranda ubao, anaimba chini kwa chini. Kisha akasimama. Akainua kichwa kama mtu aliyeitwa na mtu wa nyumbani. Akaanguka, na randa mkononi.

"Siku ya soko la hapa," Wanjugu alisema. "Saa ya jua la utosi. Wewe ulikuwa umesimama pale kwa benchi. Serikali haikujua. Njue hakuwa amefika. Wewe ulijua." Sauti ilimkatika. "Nani alikutuma kwa bwana yangu?"

Pale, mbele ya karakana, mchana kweupe, Kasim aliona kitu ambacho hakuwa amekiona mpaka wakati ule: kwamba katika soko lote la Ishiara, mchawi alikuwa yeye.

Angeweza kunyamaza. Wangemwogopa, lakini wangemheshimu kidogo kwa woga huo. Alichuchumaa kwenye vumbi.

"Hakuna aliyenituma. Sikujua lolote. Sikusikia bomani, sikusikia popote. Nilisema harudi ili unipunguzie bei."

Wanjugu hakuelewa mara moja. Alimwambia arudie. Kasim akarudia, na mara ya pili maneno yalikuwa mazito zaidi kutamka kuliko mara ya kwanza.

"Kwa sababu ya mbuzi watatu," mwanamke alisema.

"Ndiyo, mama."

Woga ulikuwa umemtoka usoni. Kilichoingia badala yake Kasim hakuweza kukitazama.

"Afadhali ungekuwa mchawi," Wanjugu alisema.

Akaingia karakanani, akaondoa kopo kwenye benchi ili kupata nafasi. "Weka hapo." Kasim aliiweka besi. Hakumwomba msamaha, alijua akiomba atakuwa anakata bei tena. Alitoka kinyumenyume. Alipofika njiani alisikia nyuma yake, kutoka ndani ya karakana, uzi mnene ukilia mara moja, wakati Wanjugu alikuwa nje, mlangoni, mikono yote miwili imeshika nguzo.

Maranda hayakuonekana tena Majengo. Rahema alirudi na mtoto baada ya Kasim kumweleza kila kitu, hata ule uongo wa mbuzi wanne. Idrisi naye aliambiwa. Tangu hapo alipiga gitaa lake peke yake.

Kasim aliwapeleka Ishiara mbuzi watatu, wazuri, waliochaguliwa, na akawafunga langoni kwa Wanjugu bila kubisha. Mwezi uliofuata alipeleka nyama. Na uliofuata. Aliiweka kwenye kigogo kando ya mlango, imefungwa kwa majani ya mgomba, akaondoka. Wanjugu hakumsalimu, wala hakuikataa nyama. Mbaka alianza kumwuzia mbuzi tena, ingawa hakumpa mkono.

Mvua za masika zilipokwisha, ngozi ya vidole ilianza kurudi. Mistari ilijichora upya, myembamba, kidole baada ya kidole. Kasim alimshukuru Mungu. Gumba la kulia ndilo lililochelewa, na lilipomaliza alilitazama kwa siku mbili kabla ya kumwonyesha mkewe. Rahema alilishika, akaliachia upesi, akaenda kunawa.

Mistari ilikuwepo. Lakini katikati ilikatwa na kovu la mshazari, la zamani, lililokwishapoa, lenye ncha mbili kama mkia wa mbayuwayu. Kasim alikuwa hajawahi kukatwa kidole hicho maishani mwake. Akaanza kutembea amekikunja ndani ya ngumi.

Alipokwenda Ishiara safari hiyo, Wanjugu alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe meusi ya njahi. Hakukuwa na namna ya kuiacha nyama bila kupita mbele yake. Alimpa kwa mikono miwili, kichwa chini, na katika kupokea, mwanamke akaacha majani ya mgomba yaanguke. Alikuwa ameona.

Alimshika mkono. Aliukunjua ule mkono kidole kwa kidole, kwa nguvu, mpaka akalifikia gumba. Akaligeuza kwenye mwanga. Akapitisha gumba lake mwenyewe juu ya kovu, mara moja, kuanzia mwisho huu mpaka mwisho ule, kama mtu anayepita njia anayoijua gizani.

"Patasi," alisema polepole. "Mwaka ule tulipooana."

Wanjugu hakumtazama usoni hata kidogo. Aliinama juu ya kile kidole, akakisogeza karibu na mdomo wake, akaanza kukisalimu kwa Kimbeere, taratibu, salamu ndefu, ile anayopewa mume aliyerudi kutoka mbali. Aliuliza. Akangoja kidogo. Akaitikia, kama aliyejibiwa. Akauliza tena.

Kule barabarani lori lilipiga honi. Kasim alisimama palepale, mkono wake umenyooshwa mbele, asithubutu kuuvuta, maana kidole kilikuwa kimeanza kukunjika taratibu, chenyewe, kikaushika mkono wa Wanjugu.